Anzia kwenye jiwe: namna ya kumtafuta na kumfuatilia fisi maji ukingoni mwa Ziwa Victoria

Anayetaka kumwona fisi maji mara nyingi huanza kwa kuyakodolea maji macho, na hapo ndipo asubuhi yake inapopotea. Mnyama huyu akiwa ziwani huonyesha kichwa, huzama, huibukia kwingine, na wimbi dogo tu linatosha kumficha. Kinyesi chake hakiendi popote. Hukiacha juu ya jiwe lile lile, siku baada ya siku, karibu na maji, mahali pa wazi. Jiwe hilo litakuambia kama yupo, ni wa aina gani, alipita lini na alikula nini. Ukishalipata, kumwona mwenyewe ni suala la kuamka mapema na kutulia.

Wapo wa aina mbili

Jina lisikupoteze: fisi maji hana undugu na fisi. Ni wa ukoo wa nyegere na kicheche. Ziwani kwetu wapo wa aina mbili, na kila kitu kinachofuata hapa kinategemea kujua unamfuata yupi.

Wa kwanza ni mdogo, mwenye madoa shingoni (Hydrictis maculicollis). Ana kilo 3 hadi 6, na urefu wake pamoja na mkia ni kama mita 1. Manyoya ni ya kahawia iliyokolea, na kooni hadi kifuani ana mabaka ya rangi ya maziwa ambayo hayafanani kati ya mnyama na mnyama. Vidole vyote vimeunganishwa kwa utando hadi ncha, na makucha ni makali. Chakula chake kikubwa ni samaki, huwinda mchana, na huwinda kwa macho. Hilo la macho lishike vizuri: maji yakichafuka kwa udongo unaoteremka kutoka mashambani au kwa majitaka ya mji, samaki wanaweza kuwepo tele naye asiwapate. Ndiyo maana visiwa vya mbali vyenye maji maangavu vinamfaa kuliko ndani ya Ghuba ya Mwanza, na ndiyo maana Kisiwa cha Rubondo kinasifika kwa fisi maji.

Wa pili ni mkubwa, asiye na makucha (Aonyx capensis). Hufikia kilo 10 hadi 20, na urefu wake unaweza kufika mita 1.5. Mashavu, koo na kifua ni vyeupe bila madoa. Vidole vya mbele havina utando wala makucha, vimekaa kama vya mkono wa mtoto, na anavitumia kupapasa chini ya mawe na kwenye tope akitafuta kaa. Magego yake ni mapana, ya kusaga magamba. Hutoka zaidi jioni na usiku. Kwa kuwa anawinda kwa kugusa, maji yenye tope hayamsumbui kama yanavyomsumbua mdogo.

Kuchagua ufuo

Tafuta kipande cha mita 500 hivi chenye vitu vitatu kwa pamoja: miamba inayoingia majini, maficho (matete, mafunjo, vichaka au mizizi ya miti mikubwa), na maji ya kina kifupi yenye samaki wadogo. Ufuo mtupu wa mchanga utakuchosha bure. Mwalo wenye kelele, injini na mbwa pia uache, ingawa ncha ya miamba iliyo mita mia chache kutoka mwalo huo huo inaweza kufaa, kwa sababu fisi maji huvumilia watu kuliko wengi wanavyodhani mradi wasimfukuze. Magugu maji yakiwa yamefunika ukingo wote, hamia sehemu nyingine; yanaziba mwanga na huwezi kuona kitu.

Kabla hujatia mguu ukingoni, vaa buti za mpira. Kichocho kinaingilia kwenye ngozi, na konokono wanaokibeba wanapenda hayo hayo maji yaliyotulia penye majani. Usisimame majini kusubiri. Viboko hurudi ziwani alfajiri baada ya kula usiku kucha, basi ukikuta njia pana iliyokanyagwa kutoka majanini hadi majini, usikae juu yake wala kati yake na ziwa. Penye mamba, kaa juu ya mwamba, mita kadhaa kutoka kwenye maji. Ndani ya hifadhi kama Rubondo au Saanane utaratibu wa kuingia ni wa TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa), na utatembea na askari.

Jiwe la choo

Tembea taratibu sambamba na maji, jicho likiwa kwenye ukanda wa mita 10 kutoka ukingoni. Alama nyingi za fisi maji mdogo zinaishia humo, maana si mtembezi wa nchi kavu. Chunguza mawe bapa, ncha za rasi ndogo, vichwa vya miamba vilivyozungukwa na maji, na mahali kijito kinapoingilia ziwani. Choo kinachotumika sana hujitambulisha chenyewe: jiwe lina doa jeusi lenye utelezi, na majani ya pembeni yamelala kwa sababu mnyama hujibiringisha hapo kukausha manyoya. Hana tabaka nene la mafuta mwilini la kumkinga na baridi. Joto lake lote linalindwa na hewa inayoshikwa ndani ya manyoya. Manyoya yakilowa mafuta ya mashine, hewa hiyo inatoka na baridi inamwingia. Kumwaga oili chafu mwaloni kunaweza kumuua bila mtu kumgusa.

Kinyesi kipya ni cheusi au cha kijani kibichi kilichokolea, kimelowa, na harufu yake ni ya samaki lakini haikeri kama ya samaki aliyeoza. Jua la Mwanza hukikausha haraka. Uso ukishakauka na ndani bado kuna unyevu, ni cha siku hiyo au cha jana yake. Baada ya siku kadhaa hubaki rundo la kijivu la magamba na mifupa ambalo husambaratika ukiligusa. Kwa unene, cha mdogo kinakaribia kidole cha shahada cha mtu mzima, na cha mkubwa kinalingana na kidole gumba au kukizidi, mara nyingi kikiwa kimejaa vipande vya magamba ya kaa vyenye rangi ya machungwa au kahawia.

Wanaoanza hukosea kwa njia zile zile. Michirizi myeupe kama chokaa iliyomwagika ni ya mnandi na ndege wengine. Kinyesi chenye kipande cheupe kama chaki upande mmoja ni cha kenge. Anayesumbua kweli ni nguchiro maji, kwa kuwa naye anakula kaa ukingoni na kinyesi chake kina magamba. Angalia masalia ya chakula: nguchiro mara nyingi huliacha gamba la mgongo la kaa mkubwa likiwa zima pale alipolia, wakati fisi maji mkubwa husaga karibu kila kitu. Ukiwa na shaka, andika "sijui". Daftari lenye "sijui" kumi lina thamani kuliko lenye makisio kumi.

Nyayo utazipata kwenye tope au mchanga uliolowa kati ya mawe. Wote wawili wana vidole vitano. Wa mdogo unaonyesha ncha za makucha, na kwenye tope laini unaona alama ya utando kati ya vidole. Wa mbele wa mkubwa ni mpana, vidole vimenenepa, na hauna alama ya kucha. Wa nguchiro una vidole vyembamba vilivyoachana, bila utando.

Ukishapata choo, hesabu vinyesi vilivyopo na uweke kokoto moja kando ya kila kimoja. Ukirudi baada ya siku tatu au nne, visivyo na kokoto ni vipya. Usipake rangi wala kusafisha jiwe, maana choo hicho ni ubao wa matangazo wa wanyama wenyewe: kwa harufu yake wanajuana nani kapita. Na usichukulie idadi ya vinyesi kuwa idadi ya fisi maji. Mmoja hunya mara nyingi kwa siku. Mvua nayo hudanganya. Mvua moja kubwa ya masika hufagia miamba yote, na mtu akija kesho yake anaandika kwamba fisi maji wamehama.

Kuchambua alichokula

Hapa ndipo mtu mwenye subira anajua mengi kuliko mwenye kamera ya bei kubwa. Unahitaji glavu za mpira, mifuko midogo ya nailoni, kalamu isiyofutika, chujio la chai, sabuni ya unga na gazeti. Kioo cha kukuzia kinasaidia sana.

Chukua nusu tu ya kila kinyesi kipya, nusu nyingine ibaki juu ya jiwe. Kila kimoja mfuko wake, umeandikwa tarehe, mahali na namba ya jiwe. Nyumbani, kiloweke usiku kucha kwenye kikombe kimoja cha maji na kijiko kidogo cha sabuni. Kikombe hicho kisirudi tena jikoni. Asubuhi kimimine kwenye chujio la chai na ukisuuze kwa maji yanayotiririka polepole. Chujio la matundu makubwa ni kosa la kawaida, kwa sababu pingili za uti wa mgongo wa dagaa ni ndogo kama punje za mchanga na zote zitapita, kisha utasema fisi maji huyu hali dagaa. Tandaza kilichobaki juu ya gazeti, kivulini penye hewa. Juani magamba hujikunja na upepo huyapeperusha.

Kisha tenganisha. Gamba la samaki lishike kwa vidole na upitishe ncha ya kidole gumba kwenye ukingo wa nyuma. La sangara linakwaruza kama msasa laini, kwa kuwa ukingo wake una vijino. La sato ni laini. La furu linakwaruza pia ila ni dogo sana, na hapo ndipo watu wanapochanganya furu na sangara mchanga. Dawa yake ni kutafuta mfupa wa koo. Sato na furu wote wana kifupa cha pembetatu kooni, kimejaa meno madogo upande mmoja kama brashi, sangara hana. Kifupa hicho ni kigumu na kinapita tumboni salama, basi ukikiona kwenye gazeti, na magamba yaliyo pembeni yake ni madogo yanayokwaruza, umempata furu. Mumi na gogogo hawana magamba kabisa. Gogogo mjue kwa mwiba wa pezi wenye meno kama msumeno.

Utakachopata kiandike kwa kuhesabu vinyesi. Sema "kati ya vinyesi 30, kaa ametokea katika 12". Usipime kwa wingi wa vipande, kwa kuwa kaa mmoja huacha vipande vingi vigumu na minofu ya samaki haiachi kitu. Ukiendelea hivyo mwaka mzima kwenye jiwe moja, utakuwa na kumbukumbu ya samaki wa ukingo huo pia. Ziwa hili limebadilika sana tangu sangara alipoletwa miaka ya 1950 na kusambaa miaka ya 1980, aina nyingi za furu zikapotea, na samaki wadogo wa miambani ni wachache wanaowahesabu.

Kukaa na kumtazama

Sasa unajua jiwe. Usikae juu yake. Tafuta kiti chako mita 40 hivi kando. Kwa fisi maji mdogo fika saa 12 kamili asubuhi, kabla jua halijachomoza, na ukae hadi saa 3. Jioni ni kuanzia saa 10 hadi giza linapoingia, na saa hizo za mwisho ndizo zenye nafasi ya kumwona mkubwa pia.

Upepo ndio unaoharibu asubuhi nyingi. Usiku nchi kavu hupoa kuliko ziwa, hivyo hadi asubuhi upepo unatoka nchi kavu kwenda majini, na unabeba harufu yako moja kwa moja hadi pale anapoogelea. Ukikaa nyuma ya jiwe lake ukitazama ziwa, amekwisha kujua upo. Kaa kwenye rasi, ubavuni, ili harufu yako ipite pembeni ya ghuba ndogo unayoitazama. Baadaye jua likipanda upepo hugeuka, hutoka ziwani kuja nchi kavu, na ingawa harufu haikusaliti tena, mawimbi yanaanza na kichwa cheusi hakionekani kati yake. Hiyo ndiyo sababu saa mbili za kwanza zina thamani kuliko mchana wote. Chagua pia upande ambao jua halikupigi usoni.

Darubini ya 8×42 (inayokuza mara 8, lenzi ya mbele milimita 42) inatosha. Yenye kukuza zaidi hutetemeka mkononi na inaonyesha kipande kidogo cha maji.

Juu ya maji, mnandi ana shingo ndefu iliyosimama na mdomo wenye ndoana. Kenge anaogelea kwa kuupinda mkia kushoto na kulia. Mamba mdogo ni macho na pua tu, wala haachi wimbi. Fisi maji ni kichwa bapa na mgongo wa chini, nyuma yake mstari wa wimbi wenye umbo la V. Anapozama mgongo unapinda kama upinde, mkia unafuata mwisho kabisa. Mara hiyo anza kuhesabu. Mizamo mingi haifiki sekunde 20. Ikipita nusu dakika hajaibuka, usiendelee kutazama pale pale. Pekua ukingo wa matete na upande wa pili wa mwamba, kwani ameshatokea huko. Wakati mwingine mapovu yanayotoka kwenye manyoya yake hupanda juu na kukuonyesha anakoelekea.

Akimpata samaki mdogo, fisi maji humla pale pale majini, kichwa kimeinuliwa, na asubuhi tulivu unasikia mifupa ikivunjika. Samaki mkubwa humpeleka juu ya jiwe. Kwa kutwa anaweza kula kati ya asilimia 10 na 20 ya uzito wake, yaani gramu 400 hadi 800 kwa mnyama wa kilo 4, kwa hiyo hana muda wa kukaa bure. Ukimfukuza mara tatu asubuhi moja, umempunguzia mlo.

Akikushtukia husimama wima majini, ananyoosha shingo na kupuliza pumzi kwa nguvu puani. Usinyanyuke. Tulia, na upige picha hapo hapo, kwa sababu ndicho kipindi ambacho mabaka ya kooni yanaonekana yote. Kwenye daftari uwe umechora tayari maumbo matupu ya shingo, kushoto na kulia, ujaze mabaka kwa penseli. Kwa michoro hiyo utajua kama ni yule wa juzi au mwingine. Watu wengi hudai kuona kumi pale walipokuwa wanne, kwa kuhesabu kila kichwa kinachoibuka. Idadi ya kuandika ni ya vichwa vilivyoonekana kwa wakati mmoja. Makundi makubwa si ndoto, kwani ya hadi 20 yamewahi kuandikwa katika ziwa hili, lakini mara nyingi utaona mama na watoto, au wachache wanaoambatana.

Kuanzia Septemba

Procter, aliyechapisha mwaka 1963 maelezo ya fisi maji wa Tanganyika, aliwakuta wa Ziwa Victoria wakizaa kama mwezi Septemba, baada ya mimba ya takribani miezi miwili. Watoto ni 1 hadi 3, hufichwa kwenye mianya ya miamba au vichaka vizito, na hukaa na mama kwa karibu mwaka mzima. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa mwaka usichungulie mashimo wala usiingize fimbo au tochi. Mbwa abaki nyumbani. Ukisikia mluzi mwembamba wa kutetemeka kutoka kwenye mawe, hao wanaitana, rudi nyuma.

Mtoto akionekana peke yake, mara nyingi mama yuko majini anawinda. Ondoka, umwangalie kutoka mbali kwa saa kadhaa. Kumbeba nyumbani na kumpa maziwa ya ng'ombe ni njia ya uhakika ya kumpoteza. Fisi maji ni mnyamapori anayelindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kumfuga bila kibali ni kosa. Mama asiporudi, mpigie ofisa wanyamapori wa wilaya.

Kwa wenye nyavu na vizimba

Wavu wa makila uliotegwa ukingoni mwa miamba humzamisha fisi maji, kwa kuwa hupumua hewa na akinaswa chini hana dakika nyingi. Tega mbali na miamba yenye vyoo, uelekee maji ya kina, na uutoe kabla hakujapambazuka, maana alfajiri ndipo mdogo anapoingia kazini. Ukikuta yu hai wavuni, usimshike kwa mkono: meno yake yanapita kwenye glavu. Vuta wavu hadi kichwa kiwe juu ya maji, mfunike kwa gunia lililolowa ili giza limtulize, mwenzako amkandamize shingoni na nyongani juu ya gunia, na wewe ukate nyuzi kuanzia mwilini kwenda kichwani. Kichwa kiwe cha mwisho. Kagua shingo na miguu kabla ya kumwachia, kwa sababu uzi mmoja uliobaki shingoni utakaza kadiri anavyoogelea.

Kwa kizimba, wavu mmoja hautoshi. Anauma samaki kupitia matundu au anautoboa. Weka wavu wa nje wa nyuzi nene, uliovutwa kwa mawe usilegee, ukiachana na wa ndani kwa angalau shubiri mbili ili mdomo usifike. Funika juu pia, maana anapanda maboya bila shida. Samaki waliokufa watoe kila asubuhi. Harufu yao ndiyo inayomwita. Katika raundi hiyo hiyo pitisha mkono kwenye kona zote za wavu. Tundu la ukubwa wa ngumi lishone siku hiyo hiyo, kwa sababu akishajua mlango, kesho atarudi hapo hapo.